Ukimnunulia Mama pawaso ndogo, anza na betri

Desemba inakaribia na wengi wetu hapa Kisumu tushaanza kuwaza tutabeba nini tukienda nyumbani, na kila nikishika simu naona matangazo ya zile pawaso ndogo za betri, yaani misumeno ya cheni, mtu ameishika kwa mkono mmoja anakata tawi kama anakata mkate, na bei iko chini ya elfu tano. Mi nilinunua moja mwaka jana nikampelekea Mama kule Mbale, Vihiga. Naandika hii juu naona watu wakienda kununua vile tu mi nilinunua, na inaniuma.

Kwanza wacha niseme kwa nini nilimnunulia Mama. Kwetu mtu wa miti ni yeye. Shamba ni dogo vile mashamba ya Vihiga yalivyo, kuna nyumba, migomba, avokado mbili nyuma ya jikoni, halafu grevilia zimepangwa kwa mpaka, na matawi ya hizo grevilia ndiyo kuni zake mwaka mzima, unapogoa leo baadaye inachipuka tena. Miaka yote alikuwa anakata na panga. Sasa bega la kulia linamsumbua, na yule kijana wa pawaso kubwa ya petroli hawezi toka kwake aje kukata matawi matatu, yeye anataka mti mzima aangushe apasue mbao, na ukimuelewa unaona ako sawa, petroli si bure. Kuna wazee wa familia walisema ati pawaso ni kitu ya wanaume. Sikubali hata kidogo. Mwenye anatafuta kuni kila wiki ndiye anafaa kupewa kitu ya kukata kuni.

Basi nikaingia duka moja la hadiwea, nikaonyeshwa moja ya inchi sita iko kwa kasha la plastiki, imeandikwa 88V kwa herufi kubwa, na muuzaji ananiambia hii ina nguvu kushinda hizo zingine za 21V. Nikaamini. Nikalipa, nikapanda matatu ya kwenda Kakamega nikiwa nimeiweka kwa mapaja kama mtoto, nikashuka Mbale nikiwa na furaha sana.

Wiki za kwanza ilifanya kazi vizuri, siwezi danganya. Mama alikuwa ananipigia simu ananihesabia matawi. Lakini kufika mwezi wa nne betri inakata matawi mawili inazima, unachaji taa inakuwa kijani haraka sana, unawasha inanguruma kidogo inanyamaza. Nikarudi nayo Kisumu nikaipeleka kwa fundi wa simu Kondele akaifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na betri tano za duara, zile ndefu kiasi cha kidole zinatumika pia kwa tochi za kuchaji, zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine, na mbili zilikuwa zimekufa. Sasa piga hesabu na mimi. Betri moja ya hiyo aina ni volti 3.6 hivi, ikijaa kabisa inafika 4.2. Mara tano ni 18, ikijaa ni 21. Basi. Hiyo 88V ilikuwa imeandikwa kwa plastiki, ndani ya betri haikuwepo. Na ukienda dukani leo utaona zingine zimeandikwa 188, zingine 388, na ukifungua utapata zile zile tano, ama kumi zimepangwa tano tano, na hizo kumi hazikupi volti zaidi, zinakupa muda mrefu zaidi wa kukata. Kwa hivyo ukitaka kulinganisha mbili zenye ukubwa mmoja usisome stika, zibebe mkononi. Betri yenye ina vitu ndani ni nzito.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikupata betri nyingine ya kuingia pale. Mahali pa kuchomeka palikuwa na umbo lake peke yake, nimezunguka mpaka Kibuye, nikarudi kwa duka nililonunua nikaambiwa hizo ziliisha na hawajui kama zitakuja tena. Msumeno wenyewe ni mzima, mota inazunguka, cheni iko, na hauna kazi. Na huyu binamu yangu seremala, anakaa hatua chache kutoka kwa Mama, ako na drili na grenda za betri za umbo lile la kampuni ya Makita ya 18V, umbo lenye limeigwa na kila mtu mpaka vifaa vya bei ya chini vinaingia, na ana betri tatu za akiba. Kama ningemuuliza tu swali moja kabla ya kununua, Mama angekuwa anakata mpaka leo.

Hapo ndipo msimamo wangu uko. Kabla uulize inchi ngapi ama rangi gani, uliza kule nyumbani nani ako na kifaa cha betri na ni betri ya umbo gani, halafu tafuta pawaso ya kuingia hapo, hata kama ni elfu mbili zaidi. Kama hakuna mtu ako nayo basi nunua yenye inakuja na betri mbili na umbo lenye umeliona kwa maduka zaidi ya moja. Stima ikipotea siku mbili baada ya mvua kubwa, na hiyo kwetu ni kawaida, matawi yameanguka kwa njia na unahitaji kukata siku hiyo hiyo, betri ya pili iliyojaa ndiyo itakuokoa. Na kila betri ichajiwe na chaja yake, usichanganye, usiiache kwa soketi usiku kucha, usiianike kwa jua.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Inchi nne mpaka sita inatosha tawi la unene wa mkono wa mtu mzima. Mkaratusi wa kuangusha waachie wenye petroli.

Kuna kitu kingine nilijionea mwenyewe na bado kinanitisha. Siku ya pili baada ya kumpa nilimkuta Mama ameshika tawi la avokado na mkono wa kushoto, pawaso iko kwa ule wa kulia, anakata sentimita chache kutoka kwa vidole vyake, vile vile alivyoona kwa tangazo. Nikamwambia Mama, simamisha kwanza. Akaniangalia akasema, "Si wanashika hivi mwanangu?" Ncha ya ule ulimi wa chuma wenye cheni inauzunguka ikigusa kitu kigumu inaruka nyuma kwa ghafla kumfuata aliyeishika, na hizi ndogo nyingi hazina breki ya cheni. Mikono miwili, miguu chini, si juu ya stuli. Nilimnunulia glavu na miwani baadaye, na ningezinunua siku ile ile.

Na cheni mpya inalegea. Ndani ya dakika kumi za kwanza ilikuwa inaning'inia chini ya ulimi kama mkufu mpana, na unga mbichi wa mti wa avokado umeganda pale kwa gia, wa njano na umelowa kama uji wa jana. Tukazima, tukatoa betri, tukasafisha na mswaki mkuukuu, tukakaza ile skrubu ya pembeni mpaka cheni ikawa imeshika lakini bado inavutika kwa vidole. Oili haikuwa kwa kasha. Mama akaleta mafuta ya kupikia, na kusema kweli yanafanya kazi, shida yake ni ukiiacha imekaa wiki kadhaa yanakuwa gundi, kwa hivyo uipanguse ukimaliza.

Mwaka huu nishaongea na binamu. Amenipimia umbo la betri yake, amenitumia picha mbili, ya mbele na ya chini, na ziko kwa simu yangu. Nitanunua pawaso yenyewe bila betri, betri moja nzito ya kuongeza, cheni ya pili, na tupa nyembamba ya kunoa. Mama ameshaniambia ile grevilia ya kando ya choo isiguswe mpaka nifike.