Evanston: Ni Fidia, au Ni Ruzuku ya Nyumba?

Ukitoka Chicago kuelekea kaskazini ukiambaa na Ziwa Michigan, mji unaopakana nayo ni Evanston. Una wakazi kama 78,000, na Chuo Kikuu cha Northwestern kimekaa ufukweni kabisa. Hati ya kuanzishwa kwa chuo hicho, iliporekebishwa 1855, ilipiga marufuku kuuza pombe ndani ya maili nne, na hapo hapo Frances Willard akaishi akiongoza wanawake wa Marekani katika vita dhidi ya ulevi. Pombe haikuruhusiwa kuuzwa mjini mpaka 1972. Naigusa habari hii kwa sababu mji huo huo sasa unawalipa wakazi wake Weusi deni la ubaguzi wa zamani kwa kodi ya bangi, ambayo huko inauzwa kihalali.

Mwaka 2019 baraza la jiji lilitenga dola milioni 10 za kodi hiyo kuwafidia wakazi Weusi. Machi 2021 likapitisha mpango wa kwanza kwa kura 8 dhidi ya 1: dola 25,000 kwa kila anayestahili, za kununua nyumba, kuikarabati au kupunguza mkopo wake. Walengwa ni Weusi waliokuwa watu wazima wakiishi Evanston kati ya 1919 na 1969, na vizazi vyao.

Kwa nini nyumba? Mwanzoni mwa karne ya 20 Weusi waliishi sehemu mbalimbali za mji. Kisha wakasukumwa magharibi, mbali na ziwa, kwenye pembe iliyofungwa na mfereji na reli, eneo linaloitwa leo Kata ya Tano. Mpango wa matumizi ya ardhi wa 1921 uligeuza mitaa mingi walikoishi kuwa ya biashara. Benki zikawanyima mikopo, na kwenye ramani za mikopo za serikali kuu kata yao ikapakwa rangi nyekundu, alama ya eneo hatari kukopesha. Kuna nyumba za mbao zilizong'olewa nzima nzima kwenye misingi yake na kukokotwa barabarani hadi magharibi. Hebu fikiria kusimama kando ya njia ukiitazama sebule yako ikipita.

Huko walikosukumwa walijenga maisha. Hospitali zilipowakataa, Dkt. Isabella Garnett na mumewe waligeuza nyumba yao kuwa hospitali mwaka 1914. Kulikuwa na makanisa, na shule ya Foster, ambayo 1967 iliacha kuwa shule ya mtaa kwa jina la kuchanganya wanafunzi Weusi na Weupe. Watoto waliobebwa kwa mabasi kwenda kwingine walikuwa hasa wa Weusi.

Sasa, ile kura moja ya hapana. Ilipigwa na diwani Mweusi, Cicely Fleming, ambaye hakuipinga fidia hata kidogo. Hoja yake ilikuwa kwamba huu ni mpango wa makazi uliovishwa jina la fidia: aliyedhulumiwa hapewi haki yake mkononi, anaelekezwa aitumieje, kana kwamba haaminiki na pesa. Nami naongeza kwamba hela za kupunguza mkopo zinaishia benki, na benki ndizo zilizowafungia milango wazee wao.

Upande wa pili una hoja nzito, na nisingependa ipuuzwe. Robin Rue Simmons, diwani aliyeubeba mpango huu, hakuwahi kusema dola 25,000 zinamaliza deni. Kwake ilikuwa hatua ya kwanza. Halafu kuna sheria. Jiji haliwezi kulipia utumwa wote wa Marekani; linaweza kujibu kwa kile lilichofanya lenyewe, na ubaguzi wa nyumba una kumbukumbu, ramani na tarehe. Kufungia mpango kwenye nyumba na kwenye miaka ile 50 ni kujenga boma dhidi ya mahakama. Na kweli, Mei 2024 Judicial Watch, shirika la kisheria la kihafidhina, liliufungulia mji kesi katika mahakama ya shirikisho, likidai kuchagua watu kwa rangi kunavunja Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayotaka sheria iwalinde wote sawa.

Lakini utekelezaji ulimpa Fleming haki kwa sehemu kubwa. Januari 2022 walichaguliwa watu 16 wa kwanza kwa bahati nasibu. Miongoni mwa wazee waliostahili kulikuwa na wapangaji wasio na nyumba ya kukarabati wala mkopo wa kupunguza, na katika umri huo nani anaanza kununua nyumba? Wengine walifariki wakisubiri. Machi 2023 baraza likakubali malipo ya pesa taslimu. Kodi ya bangi nayo ilisuasua, ikabidi 2022 ziahidiwe dola milioni 10 nyingine kutoka kodi ya kuuziana nyumba na majengo.

Chanzo hicho cha pili kinanivutia zaidi kuliko bangi. Kinapanda kadiri nyumba inavyouzwa ghali, na nyumba za bei kubwa Evanston ziko karibu na maji, upande ule ule ambao Weusi walizuiwa kuishi.