Programu isiyozijua sahani za jim za mtaa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kinajitembeza kwa tangazo la sekunde 15: kikaragosi cha mwili wa mtu, misuli ikiwaka rangi nyekundu, na ahadi kwamba simu "itakupangia" uzito wa kuinua. Hapa Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, watu wanalipia usajili wa mwaka mzima wa programu ya simu ya mazoezi kwa ajili ya hicho kikaragosi. Haya.

Uzito wa wapi lakini? Programu nyingi za kujipangia huongeza kilo 2.5 kila ukimaliza seti zako, yaani mizunguko ya kuinua bila kupumzika. Hesabu hiyo yataka sahani, vile vyuma vya duara, za kilo 1.25, moja kila upande wa mtaimbo, ile fimbo ya chuma unayoinua. Hebu ingia jim ya mtaa, ile ya paa la bati na feni moja, uzitafute. Mara nyingi sahani ndogo kabisa ni za kilo 5, tena ziko mbili, na moja inatumiwa na mtu mwengine. Basi hatua yako fupi kabisa ni kilo 10. Kutoka 50 hadi 60 kwenye benchi, unaposukuma chuma ukiwa umelala chali, ni nyongeza ya asilimia 20, na simu inakuamuru upige 52.5. Utazitoa wapi, Marikiti?

Kwa chuma cha aina hiyo unaongeza marudio kwanza, yaani mara unazoinua katika seti moja. Bakia kwenye 50, anza seti 3 za marudio 8, na usipande mpaka zote 3 zifike 12. Ukipanda 60 utaangukia marudio 5 hivi, na hapo ndipo programu mbovu inapoanza kukutia unyonge. Grafu ya jumla ya uzito inaporomoka, kwani 50 mara 12 ni 600 kwa seti, na 60 mara 5 ni 300. Mshale mwekundu, umerudi nyuma, pole sana. Uongo mtupu! Chukua kanuni ya Epley, inayokadiria uzito wa juu unaoweza kuinua mara moja tu: gawa marudio kwa 30, ongeza 1, zidisha kwa uzito. 50 kwa marudio 12 yaleta 70. 60 kwa marudio 5 yaleta 70 ile ile. Nguvu haijapungua hata chembe. Kweli, kanuni hiyo hulegea marudio yakipita 10, na kwa seti ya 20 usiitumie kabisa, lakini bado inakukosea kidogo kuliko ule mshale.

Kwa hiyo tafuta programu inayochora makadirio ya uzito wako wa juu kwa kila zoezi, na inayoonyesha nambari za mara iliyopita hapo hapo unapoandikia za leo. Vitufe viwe vikubwa. Kwa joto letu hili vidole vimelowa, na 50 hugeuka 500 bila habari yako.

Mtaimbo nao. Programu huchukulia ni wa kilo 20, na ule uliochongwa na fundi wa Jua Kali huenda haufiki hata nusu. Panda mzani nao, panda bila nao, toa, andika kwenye mipangilio. Mikebe ya rangi iliyojazwa saruji ipime mmoja mmoja. Miwili "sawa" haiwi sawa.

Intaneti: zima data, andika seti, funga, fungua. Ikigoma, ifute. Na faili la CSV, jedwali la rekodi zako unaloweza kulihifadhi nje ya programu, lijaribu kulitoa wiki ya kwanza, usingoje simu ichomolewe mfukoni feri.

FitNotes ya Android ni ya bure, haina matangazo, sura yake ya kizamani, na yatosha. Strong na Hevy ni nyepesi mkononi, hilo nalikubali shingo upande, ila toleo la bure linakubana idadi ya mipango ya mazoezi. Mwenye mipango miwili tu ya kubadilishana hatabanwa, na hana sababu ya kulipa hata shilingi.