Faili Haipo, Lakini Babu Alifungwa

Nikisema ninafuatilia habari za babu yangu aliyewekwa kizuizini wakati wa Mau Mau, naulizwa: "Una karatasi gani?" Swali hilo hunikera. Karatasi ziliandikwa na waliomfunga, na nyingi walizichoma wenyewe kabla ya bendera yao kushushwa mwaka 1963.

Babu alikamatwa Nairobi katika Operesheni Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954. Jeshi la Uingereza chini ya Jenerali George Erskine liliuzingira mji, likapita mtaa kwa mtaa likiwazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi walipelekwa Langata kuchujwa. Ulipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, naye akitikisa kichwa tu umekwisha. Walioitwa "weupe", yaani wasioshukiwa, walirudishwa kwao. "Kijivu" na "weusi", yaani walioshukiwa kidogo au sana, walipelekwa Mackinnon Road au Manyani.

Hapa watafutaji wengi hupotea. Waliokamata ni wanajeshi, lakini walioendesha kambi ni Idara ya Magereza. Majalada ya jeshi yaliyoko kwenye Nyaraka za Kitaifa za Uingereza huko Kew, London, kama yale yenye alama WO 276, yanaonyesha upande wa wanajeshi. Ya kambini yatafute kwanza kwenye Nyaraka za Kitaifa za Kenya pale Moi Avenue, Nairobi. Nenda na jina la baba yake, lokesheni, jina la chifu na namba ya kipande (kitambulisho cha enzi za mkoloni) ikiwa kuna anayeikumbuka, maana akina Kamau wa Njoroge hawahesabiki. Halafu karani wa kizungu aliandika jina alivyolisikia.

Kuna na karatasi ambazo hazikuchomwa bali zilifichwa: mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na maelfu ya faili za makoloni yake huko Hanslope Park, kituo cha Wizara yake ya Mambo ya Nje, za Kenya zikiwemo. Leo ziko Kew chini ya alama FCO 141. Zilijitokeza kwa sababu wazee wa Kenya walikuwa wameishtaki serikali hiyo kwa mateso ya kambini. Mwaka 2012 Jaji McCombe wa Mahakama Kuu ya London aliruhusu kesi yao iendelee, sababu moja kubwa ikiwa wingi wa nyaraka. Mwaka uliofuata William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alisimama bungeni akaeleza majuto, na wazee 5,228 wakalipwa fidia; jumla yake, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Kisha mwaka 2018 kesi ya wengine zaidi ya 40,000 ikatupwa: muda umepita mno, ushahidi umechakaa.

Yaani uchome na kuficha karatasi, usubiri mashahidi wazeeke, halafu useme ushahidi hautoshi! Sheria inaweza kuwa na hoja zake. Mimi mjukuu silazimiki kuzikubali.

Ndiyo maana nashikilia kwamba maneno ya wazee yahesabiwe kuwa nyaraka. Simaanishi tuyameze mazima mazima; mzee naye huchanganya miaka, na wapo waliojipa ushujaa baadaye, kama wapo walionyamaza kwa kuwa ndugu zao walikuwa homugadi, askari wenyeji wa upande wa mkoloni. Lakini kumbukumbu ya kazi haidanganyi kirahisi. Muulize alilala na nani, alivunja mawe wapi, alichimba mfereji gani. Mifereji ya mpunga kule Mwea ilichimbwa na mahabusu, na maji bado yanapita humo. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya Anvil sasa amepita 90, kwa hiyo washa simu umrekodi kabla hujatafuta nauli ya kwenda Nairobi, achilia mbali London.

Na serikali yetu? Ingeweza kuziweka kumbukumbu za kambi mtandaoni, bila malipo, zitafutwe kwa jina na kwa lokesheni. Haihitaji kusubiri ruhusa ya Mwingereza kwa makaratasi yaliyo mikononi mwake.

Jina la babu bado sijalipata kwenye orodha yoyote. Nyanya, hata hivyo, anakumbuka alivyosimulia kuvunja mawe Embakasi, uwanja wa ndege ulipokuwa ukijengwa kwa nguvu za mahabusu. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1958, na ujenzi wa serikali hauendi bila hesabu za vibarua na chakula chao. Kwa hiyo majalada ya Magereza nimeyaweka kando kidogo. Sasa ninaomba ya Ujenzi.