Theluji Iliyoniunguza Tabata

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ana tabia moja mbaya: akiuliza swali la watu wote, macho yanatua kwa mtu mmoja. Jumapili ya kwanza ya Majilio alitangaza kwamba safari hii kila jumuiya itapamba mti wake wa Krismasi kanisani, na kila mti una mada. Wenzetu wa barabara ya pili walipewa nyota. Wa kule bondeni, malaika. Sisi tukaangukiwa na ndege.

"Nani atatubebea hili la ndege?" akauliza, huku ananitazama mimi.

Wenye nyota walikwenda Kariakoo wakarudi mchana huohuo na mfuko umejaa. Malaika nao wanauzwa. Mimi, sijui ni nani aliyeuazima mdomo wangu siku ile, nikasimama nikasema ndege wa plastiki ni aibu kwa jumuiya, afadhali tutengeneze nyumba za ndege. Ndogondogo, za mbao, kwa mkono. Ishirini na nne, moja kwa kila siku ya Desemba mpaka mkesha. Nilikuwa nimeziona kwenye simu, za Wazungu, zimening'inia mtini na vimlango vyake vya duara, nikajisemea kuchora ndege siwezi, lakini nyumba nani asiyejua kujenga? Mama mmoja akanipigia kigelegele. Ukishapigiwa kigelegele, mlango wa kutokea umefungwa.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, mtoto wa wiki tatu yuko kifuani ananyonya.

"Kabati la vyombo ulilolipigilia mwaka juzi," akasema taratibu, "tunalifunga kwa kamba."

Binti yetu wa darasa la tatu naye akaingilia. "Baba, kwani ndege wa kwetu wanakaa kwenye nyumba? Si wana viota?" Swali zuri, nakiri. Kwetu ukimtoa njiwa, hakuna ndege anayejengewa. Mbayuwayu anahamia darini kwako bila kukuuliza, na kunguru wa Dar anajiona mwenye nyumba ni yeye, wewe ndiye mpangaji.

Mama mkwe hakusema kitu. Yeye alikuwa ameshuka kutoka Kibosho, Kilimanjaro, na mikungu miwili ya ndizi kuja kumlea mzazi, na kazi yake ilikuwa mtori, si ujenzi. Tayari alikuwa na uchungu wake: Desemba Wachaga wote wanapandisha kwenda nyumbani, yeye peke yake ndiye kateremshwa kuja kupikwa na joto la Tabata.

Nikaenda Keko kwa mafundi wa fanicha kutafuta mabaki ya plaiwudi ya milimita 3. Fundi akaniuliza najenga nini.

"Nyumba za ndege."

Akazipima zile mbao kwa macho, akanipima na mimi. "Bosi, ndege haiingii humu. Tafuta turubai, uweke nguzo."

Nikamweleza ni ndege wa manyoya. Akacheka, lakini bei hakupunguza.

Sasa sikiliza hesabu. Nyumba moja ina vipande saba: mbele, nyuma, ubavu huu, ubavu huu, sakafu, na mapaa mawili. Zidisha kwa 24, unapata vipande 168, kila kimoja hakizidi kiberiti kwa ukubwa, na kila kimoja lazima kipigwe msasa la sivyo kinakuachia vibanzi kidoleni. Sikuijua hesabu hiyo siku ya kigelegele. Nimeijua nikiwa nimekaa barazani usiku na msumeno wa kukatia chuma, mbu wananila, na mbele yangu kuna vipande kumi na moja.

Milango nilitoboa kwa msumari mnene niliokuwa naupasha kwenye jiko la mkaa, ubavuni mwa sufuria ya mtori. Ukiusukuma msumari mwekundu kwenye plaiwudi unasikia *tsss*, harufu inakuwa ya mandazi yaliyoungua, na tundu linatoka na ukingo mweusi uliolala vizuri kama wanja. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi nzima niliyoifanya kama mtu mwenye akili. Chini ya kila tundu nikachomeka kipande cha kijiti cha meno, ndege apate pa kukanyaga.

Tatizo likaja kwenye kuunganisha. Gundi nyeupe ya mbao ni gundi ya watu wenye subira: unapaka, unabana, unaacha. Kubana kunataka vibanio, na vibanio nilivyokuwa navyo ni vya nguo. Nyumba moja ilikula sita. Asubuhi yake nikamkuta mama mkwe uani ameshika nepi zilizolowa, kamba iko mbele yake nyeupe, haina kibanio hata kimoja. Akanitazama tu. Nikazibomoa nyumba tatu palepale, nikarudisha vibanio vyote na samahani juu.

Kuanzia hapo nikawa nabana kwa mipira ya kufungia noti, na kwa meno. Ilipofika tarehe 23 usiku, kuta za nyumba zote 24 zilikuwa zimesimama. Zikabaki paa.

Na paa ndilo lililonitia aibu. Mapaa mawili yakikutana kileleni kama kofia ya karatasi, moja linakaa juu ya unene wa mwenzake. Kwa hiyo hilo la juu linatakiwa kuzidi kidogo, kiasi cha unene wa ubao: milimita 3. Fundi yeyote wa Keko angeniambia hilo huku anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimekata vipande vyote 48 sawasawa, kwa upendo na usawa, kama mtu anayegawa urithi. Nilipozijaribisha, kila nyumba ikakaa upande. Upande mmoja unashuka hadi dirishani, wa pili umeishia juu ya bega. Binti yangu akasema zinafanana na mlevi aliyevaa barakashia gizani.

Kukata upya haiwezekani, kesho ndiyo mkesha. Nikakaa nikawaza. Kosa la paa linafichwa na nini? Likaja jibu lenyewe, tena la Kikrismasi kabisa: theluji.

Ndani kulikuwa na bunda la pamba la mtoto. Sote tumekua tukiona miti ya mvinje imetupiwa pamba na watu wanaimba habari za theluji huku wanajifuta jasho. Nikapanga: paa naligandisha kwa supaglu, kwa kuwa muda wa gundi ya subira umekwisha, na juu ya kilele, pale penye aibu, nalaza pamba. Asubuhi ya tarehe 24 nikatuma mtoto dukani kwa Mangi, akarudi na vitubu kumi.

Nilikuja kusoma baadaye, kidole kiko kwenye maji, kwamba Mmarekani mmoja, Harry Coover, aliigundua gundi ya aina hii mwaka 1942 akiwa anatafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, akaiweka kando kwa sababu ilinata kwa kila ilichogusa. Hapo ndipo dunia ingemwacha. Ikaja kuuzwa mwaka 1958. Na kwamba haikauki kwa jua kama uji wa muhogo, bali inashikwa na unyevu, hata ule wa jasho la kidole. Na kwamba, hili nalo lisome polepole, ikikutana na pamba inashika kwa kasi hadi inatoa moto.

Mimi nilikuwa Tabata, Desemba, najivuja jasho mwili mzima, nina kitubu cha supaglu mkono wa kulia na bonge la pamba mkono wa kushoto.

Paa za kwanza zilikwenda vizuri, kwa sababu nilitia tone moja moja. Ya tano ilikuwa imepinda kuliko wenzake, nikasema hii inataka theluji ya kutosha. Nikakamua kitubu chote. Nikalaza pamba, nikabonyeza kwa dole gumba na kidole cha shahada.

Kwanza nikasikia joto. Nikadhani jua. Halafu harufu, kali, ya kuchoma macho. Halafu nikaona moshi. Moshi mwembamba mweupe, unapanda taratibu kutoka juu ya nyumba ya ndege, kama vile ndani kuna mtu anachemsha chai.

"Bibi!" binti akapiga kelele. "Theluji ya baba inaungua!"

Nikataka kuitupa. Haikutupika. Nikatikisa mkono, nyumba, pamba, kijiti cha meno, vyote vikatikisika pamoja nami kama familia. Kidole kinaungua na hakitoki. Nikaanza kuruka uani kwa mguu mmoja, sijui kwa nini kwa mguu mmoja, miguu haikuwa na kosa.

Mama mkwe akatoka jikoni, mwiko mkononi. Akaangalia ule moshi kwa makini, bila haraka.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa chini ya Kibo. Miaka sabini naamka naitazama theluji. Sijawahi kuiona ikitoa moshi."

Kisha akaniuma sikio kwa vitendo: akaushika mkono wangu akauchovya kwenye ndoo ya maji ya nepi. Usiniulize maji yale yalikuwa ya hatua gani ya kufua.

Moto ukaisha, nyumba ikabaki. Pamba iligeuka ukoko, ngumu na ya njano njano, dole gumba na shahada zimezama ndani yake. Tukajaribu maji ya uvuguvugu na sabuni. Tukajaribu mafuta ya kula. Mama mkwe akapendekeza kisu, nikamwambia mama, hapana, nakuheshimu lakini hapana. Mke wangu akachungulia dirishani, akaona, akarudi ndani. Nilimsikia akicheka huku anajizuia asimwamshe mtoto, kile kicheko cha kukohoa.

Ndipo tukasikia njiani *kling-kling, kling-kling*. Kijana wa kupaka rangi kucha, anagonganisha vichupa vyake. Siku ya mkesha wanapita kama daladala.

"Yule ana dawa ya kutoa," akasema mama mkwe, akamwita kwa sauti ya kuitia mbuzi.

Kijana akanikalisha kwenye kigoda nje ya geti, kwa sababu ndani hakuna mwanga, alisema. Vijana wa bodaboda wa kijiweni wakageuza viti vyao. Kijana akaupokea mkono wangu, akaugeuza huku na huku, ile nyumba imesimama juu yake na mlango unamtazama.

"Mzee, hii ndiyo fasheni ya mwaka huu?"

"Toa."

Akafungua asetoni. Kisha akatoa pamba. Nilisimama na kigoda.

Ilichukua kama nusu saa. Asetoni juu ya ngozi iliyoungua ni kitu nisichomtakia hata mwenyekiti wa jumuiya. Nilikuwa nimekwishaungama Jumamosi, nikaona yote niliyofuta pale kitubioni narudisha moja moja getini kwangu. Jirani akapita na kuku wa sikukuu, akanisalimia, "Naona unajiandaa, jirani." Kidole cha shahada kikatoka. Gumba likafuata, limeacha ngozi yake kwenye theluji.

Nikauliza bei.

"Kutoa peke yake sina bei, mzee. Mkono kupaka ni elfu mbili, kutoa ni bure."

"Sipaki."

"Basi elfu mbili."

Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni. Mama mkwe ndiye aliyenizuia. Elfu mbili ya kuloweka vidole viwili? Akafuta unga kwenye kanga, akakaa kwenye kigoda nilichokiacha, akanyoosha mkono wake uliolima magimbi tangu ujana. "Fanyia kazi hela ya mkwe wangu," akamwambia. "Nyekundu." Alipomaliza mmoja, kijana akaogopa kumwacha hivyo, akapaka na wa pili bila malipo.

Nyumba 19 zilizobaki nilizifungia paa kwa uzi wa katani, zimepinda hivyo hivyo, hakuna theluji tena. Mti wetu ulikuwa tawi la mvinje, na mvinje ni mti mwororo: tulipotundika nyumba ya kumi na mbili ukaanza kuinama, na ya 24 ilipopanda ulikuwa umerukuu mbele ya altare. Waumini wengi walidhani tumekusudia. Watoto walijazana kwenye ile moja yenye ukoko na doa la moshi. Wanasema ndiyo peke yake yenye mtu ndani.

Misa ilikuwa saa tatu usiku. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, mwenyekiti aligeuka kutoka benchi la mbele, akanipa mkono, akaona kitambaa kwenye vidole.

"Amani ya Kristo. Umefanya nini?"

"Nimeungua."

"Na nini?"

"Theluji."

Akanitazama. Akaangalia juu, feni zinazunguka kwa nguvu zote na jasho linamtiririka shingoni. Akaona aniache, akamgeukia mama mkwe, ambaye alikuwa ameshanyoosha mkono wake muda mrefu, vidole vimetanuliwa vyote vitano.