Vizibo Viwili Vilivyokuwa Mfukoni

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nilipinduliwa na kiboko karibu na Jiwe la Bismarck, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, naona ni heri niwasimulie mwenyewe, ingawa nakiri kwamba kiboko angenihifadhia heshima.

Bosi mwenye ile jeti ski, yaani pikipiki ya majini, alinilalamikia mimi fundi wake kwamba kila akirudi ufukweni hukuta maji chini ya injini. Injini ya chombo kile hupozwa na maji ya ziwa lenyewe: pampu inayosukuma chombo ndiyo hiyo hiyo inayopeleka sehemu ya maji kwenye mipira, yakazunguka ekzosi na injini, kisha yakatoka nje. Nilifungua vizibo viwili vya nyuma nikamwaga maji yote, nikakausha kila kona, nikanyunyiza poda ya mtoto kwenye viungo vya mipira, halafu nikawasha injini kwanza ndipo nikafungulia maji ya bomba, kwa sababu ukitanguliza maji injini ikiwa imezimwa, yanaweza kupitia ekzosi hadi kwenye silinda. Muda si muda, michirizi ikajichora kwenye poda chini ya klipu moja iliyolegea. Nilibadilisha klipu hiyo nikijiona daktari bingwa wa hospitali ya Bugando. (Wale mnaoniita profesa, tulieni, zamu yenu inakuja.)

Ufukweni nikampa bosi somo ambalo hakuniomba. "Bosi, maji yakiingia injini ikiwa inafanya kazi, anza na mfumo wa kupoza. Yakiingia chombo kimetulia na injini imezimwa, usiguse mpira wowote; pampu haizunguki, kwa hiyo tundu liko kwenye bodi." Akaitikia kwa heshima, akavaa jaketi la kuokolea, akapanda nyuma yangu.

Tulikwenda kasi bila tatizo lolote. Mbali kidogo na ufuko nikazima injini ili bosi ausikie ukimya wa chombo kilichopona. Kwanza miguu ililowa, nikadhani ni wimbi. Kisha upande wa nyuma ukaanza kushuka taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayekalia kiti asichokiamini, huku pua ikiinuka hadi nikawa natazama mawingu. Nilipoinama kuchungulia, kitu kigumu kikanichoma pajani. Nikatia mkono kwenye mfuko wa kaptura. Nikagusa cha kwanza. Nikagusa na cha pili. Nyuma yangu bosi akauliza kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "Fundi, injini si imezimwa?"

"Ndiyo, bosi."

Akanyamaza, maji yakamfika kiunoni. "Basi tusiguse mpira wowote?"

Wavuvi wa dagaa walituvuta hadi nchi kavu, plagi za kuwashia injini zikafunguliwa, silinda zikatema maji, oili ikabadilishwa mara tatu, na injini ikawaka, jambo ambalo nadhani lisingekuwa rahisi hivyo kama ziwa letu lingekuwa na chumvi. Naomba pia ijulikane kwamba klipu yangu haikuvuja hata tone, ingawa nilipomweleza bosi habari hiyo alinitazama kwa muda mrefu bila kupepesa macho.

Mke wangu naye ameshalisoma kundi lile. Habari za kiboko hakuziuliza. Ameuliza ilipo poda ya mtoto.