Mlima si wa wenye magoti mazima peke yao

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Moshi hufurika magari ya watu wanaorudi nyumbani, au kama tunavyosema wenyewe, wanaokwenda kuhesabiwa. Kuanzia Machame hadi Rombo nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, mbuzi wanachinjwa, mbege inachujwa, na wajukuu waliozaliwa Kimara na Mbezi wanafundishwa kumsalimia bibi kwa Kichagga. Watoto hao hulala siku kadhaa chini ya Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote Afrika, kisha wanapakiwa garini kurudi Dar bila kuvuka hata geti lake. Wamekwenda kuogelea Chemka. Wamepelekwa maporomoko ya Materuni, wamepiga picha. Mlima wameuonea uani, alfajiri, kabla haujajifunika mawingu.

Bibi yao naye ni vivyo hivyo. Mama yangu mzazi amezaliwa Kibosho, amehudumia migomba na kahawa kwenye kihamba maisha yake yote, na alipokuwa msichana alikata majani ya ng'ombe ukingoni mwa msitu. Lakini kuingia hifadhini kutazama tu, kwa furaha yake mwenyewe, hakuwahi mpaka alipoanza kutembea na mkongojo. Wenzake wa rika lake pale kijijini ni hivyo hivyo. Mlima wanaujua kwa mvua yake, kwa baridi yake na kwa maji ya mifereji yake.

Nayasema haya kwa sababu mjadala wa magari ya kamba umekuwa ukiturudia tangu 2019, serikali ilipotangaza kuwa inaufikiria mradi huo. Mwaka 2022 ulirudi kwa kishindo: njia ya Machame ikatajwa, watu wangepandishwa kwa nyaya hadi uwanda wa Shira, na wagumu, yaani wapagazi wa mlima, pamoja na waongozaji wakasimama kupinga. Kila unaporudi, wanaozungumziwa ni wawili: mgeni atakayelipa dola na mgumu atakayepoteza mzigo. Familia inayoishi hapa chini haitajwi, kana kwamba swali la nani afike juu na kwa njia gani halituhusu sisi tunaoamka nao mlima kila siku.

Kwanza niseme wazi kwamba kwa mradi ule wa Machame niko upande wa wagumu. Mgumu anabeba mzigo ambao kwa kanuni haupaswi kuzidi kilo 20, na safari yake ya siku sita au saba ndiyo inayolipa ada ya mtoto, ndiyo inayoezeka bati. Mgeni akipanda asubuhi na kushuka jioni, mpishi, mgumu na msaidizi wa mwongozaji wote hawana kazi. Hoja hiyo ni nzito na sijasikia jibu lake lililonyooka.

Ipo na hoja ya mwili, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Watu hupenda kututolea mfano wa Table Mountain kule Cape Town, ambako magari ya kamba yanapandisha familia tangu 1929. Ni kweli, na wamefanya vizuri. Ila Table Mountain ina mita 1,085 tu. Kilele chake kiko chini kuliko Mnara wa Saa wa Arusha, achilia mbali geti la Marangu ambalo tayari liko juu ya mita 1,800. Mfano unaokaribiana na wetu ni Aiguille du Midi huko Ufaransa, ambako tangu 1955 watu wananyanyuliwa kutoka mji wa Chamonix, wenye mita elfu moja na kidogo, hadi mita 3,842 kwa muda wa dakika ishirini hivi. Inawezekana, ndiyo. Lakini kichwa kinauma, pumzi inakata, na mzee mwenye presha au mtoto mdogo hafai kurushwa namna hiyo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kumsumbua mtu akivuka mita 2,500 hivi, na unamsumbua zaidi anayepanda haraka. Wagumu hawasemi "pole pole" kumpendeza mgeni. Ndiyo dawa yao.

Kwa hiyo hapo tunakubaliana. Ninapoachana na baadhi ya wapinzani wa mradi ni pale wanaposema mlima ni wa kupandwa kwa miguu, na asiyeweza abaki chini. Nimelisikia hili kwa watu wengi, tena watu wema. Linaniumiza. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge na bendera kileleni, na mlima ukawa wa taifa zima. Mwenge ule haukuwekwa kwa ajili ya wale tu wenye miguu ya kuufuata. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, mwenye ulemavu, mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na kwa hiyo haruhusiwi kupandishwa kileleni, wote hawa ni watu wa mlima. Kuketi kitini ukapelekwa mahali pazuri, ukatazama, ukashuka, si uvivu na si dhambi. Kwa wengine ndiyo njia pekee iliyopo.

Nililiona hili kwa macho yangu tulipompeleka mama Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tulikodi gari aina ya Noah, tukatoka Moshi giza halijapambazuka, tukakunja Usa River kuelekea geti la Ngongongare. Mama alikaa kiti cha mbele, kanga ya pili imefunika magoti. Hukai sana baada ya geti unakutana na uwanda wanaouita Serengeti Ndogo: pundamilia, nyati, ngiri, na twiga wanaotembea kama hawana haraka na dunia. Mwanangu mdogo aliuliza simba wako wapi, askari akamwambia humu hakuna simba, na mtoto akafungua kioo mpaka chini.

Kwenye ukingo wa kreta ya Ngurdoto tulimshusha mama taratibu. Kreta ina upana wa karibu kilomita 3, kushuka ndani hairuhusiwi, unatazama kwa juu tu. Kwa mama hilo lilikuwa sawa kabisa, kwa mara moja alikuwa na haki ileile na kijana wa miaka ishirini. Mbega walikuwa mitini, weupe wa manyoya yao unaning'inia kama shuka. Mama akatuambia babu yake alikuwa akisimulia jinsi wapiganaji wa zamani walivyovaa ngozi za mbega. Sisi wanawe hatukuwahi kuisikia habari hiyo. Miaka yote tumekaa naye sebuleni na haikuwahi kumtoka, ikamtoka pale, kwa sababu mbega alikuwa mbele yake.

Halafu maziwa ya Momela, kila moja na rangi yake ya maji, flamingo wamejaa ukingoni. Tulikula pale ndizi nyama tulizobeba kwenye hotipoti. Ilikuwa siku nzuri kwa kila hali.

Tulipofika geti la Momela tukaona magari ya watalii yakikunja kuelekea juu, kwenye msitu wa Mlima Meru. Mama akamwita askari.

"Mwanangu, hao wanakwenda wapi?"

"Shikamoo mama. Wanapanda Kitoto, upande wa kreta ya Meru. Ukiwa kule unayaona maziwa yote haya chini, na mlima wenu kule, ukiwa wazi."

"Marahaba. Na sisi?"

"Kwa Noah hii haiwezekani, mama yangu. Njia ni mbaya, mpaka gari la juu."

Askari alisema kweli na alisema kwa adabu. Barabara ile inapita kwenye mtini mkubwa uliojikunja kuwa upinde wenye nafasi ya kupitisha gari, inaendelea kupanda msituni hadi Kitoto, karibu mita 2,500. Ni mwinuko ambao wazee wengi wanauvumilia, maana tayari Momela uko kwenye mita 1,500. Barabara ipo, geti lipo, askari yupo. Kinachokosekana ni kiti. Anayetaka kiti anatakiwa akodi gari zima la safari kwa siku nzima, na bei ya gari hilo imepangwa kwa kumwangalia mgeni. Kiingilio chetu Watanzania ni cha shilingi na ni nafuu sana ukilinganisha na cha mgeni, hilo nalishukuru kwa dhati. Lakini kiingilio nafuu kinakufikisha getini tu.

Ninachokitaka ni gari la hifadhi, refu, la matairi yenye nguvu, lenye mabenchi na turubai, linaloondoka Momela asubuhi na kuuza nafasi kwa kichwa. Si safari ya kifahari. Ni gari kama yale yanayobeba wanafunzi wa ziara za shule, ila liwe na ngazi ya chini na mahali pa kushika, ili mzee apande bila kubebwa kama gunia. Liondoke mapema, maana saa nne au saa tano mawingu yanaanza kufunga na utakuwa umempandisha mtu kutazama ukungu. Mvua kubwa ikinyesha lisimame, hakuna wa kulaumu. Liendeshwe wikiendi, na kila siku katika wiki mbili za mwisho wa Desemba.

Na humo ndani awekwe mgumu mstaafu. Mkoa huu una wanaume wengi waliobeba mizigo miaka na miaka, na leo mgongo hauwaruhusu tena. Wanajua jina la kila mti, wanajua wingu lipi linaleta mvua na lipi linapita. Hawana cheti cha kuongoza watalii wa kigeni, na kwa safari ya nusu siku ya wazee na watoto wa nyumbani cheti hicho si cha lazima sana. Lugha wanayo, hadithi wanazo. Walipwe. Hivyo kiti kinachompandisha mama yangu kitamlisha mtu yuleyule ambaye nyaya za Machame zingemnyima kazi.

Kwa upande wa Kilimanjaro wenyewe, wapo watakaosema ipo barabara ya Londorossi, magharibi, ambayo magari hupanda hadi karibu mita 3,500 kwenye uwanda wa Shira. Naijua. Kilele cha Kibo pale kinakukabili kwa upande ambao barafu bado inaonekana, na barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, kwa hiyo hamu ya kuwaonyesha watoto wetu ina sababu. Ila mwinuko huo ndio uleule niliokataa kwa magari ya kamba, na siwezi kuubariki kwa sababu tu chini kuna matairi. Familia ziishie msituni, sehemu ya chini, waonje ule ubaridi na harufu ya miti, warudi. Juu zaidi waende vijana wenye afya, kwa utaratibu wa daktari na mwongozaji.

Najua hifadhi zina mambo mengi: moto, ujangili, njia za kutengeneza, wageni wanaolipa bajeti yote hiyo. Najua pia kwamba kila mwaka tunahimizwa kupanda hadi kileleni kuadhimisha Uhuru, na vijana wanaoitikia nawapongeza kwa moyo wote. Himizo lingine linaweza kukaa kando ya hilo bila kulipunguzia kitu, nalo ni la kumleta mama yako akatazame.

Sisi kwa nyumba yetu tumeshaanza kuchanga. Tunatafuta gari la juu la viti saba kwa siku moja ya mwisho wa mwaka: mama, shangazi zangu, baba mdogo ambaye amepooza upande mmoja, na mjukuu mmoja wa kuwasaidia. Sisi wengine tutabaki maziwani na watoto wadogo. Lakini mchango wa ukoo mmoja wenye watu wa mjini si jibu kwa kijiji, na majirani zetu wengi hawana mtoto wa kuwachangia.

Ombi langu kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ni dogo. Jaribuni kwa msimu mmoja: gari moja, Momela hadi Kitoto, Jumamosi na Jumapili. Tangazeni bei ya kiti kwa shilingi, kwenye redio za Moshi na Arusha na kwenye matangazo ya makanisani na misikitini, ambako ndiko wazee wanakosikia habari. Kisha mtazame kama kuna kiti kitakachobaki kitupu.