Nilivyoitwa kikaoni kwa ajili ya dodoki

Wapiga besi wenzangu wa huku Chuga mtanielewa, wengine mtacheka tu na mi nawaruhusu.

Mwezi wa pili ukishawaka hapa Arusha, lile jua la kabla ya masika, stoo ya kwaya yetu haikaliki. Bati tupu juu, dari hamna, dirisha moja na lenyewe limezibwa na maboksi ya majoho ya zamani, ukiingia mle saa nane mchana unatoka midomo imekauka. Na ndo humo humo linapolala gitaa la besi la kwaya, nyuzi nne, zuri kweli, tuliachiwa na wageni wa Ujerumani, shingo nyeupe na juu yake ubao wa rozwudi wenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Rozwudi kama hujui ni ukoo mmoja na mpingo wetu, wote ni Dalbergia, kwa hiyo mi huwa nalihesabu gitaa lile ni ndugu aliyerudi nyumbani akakuta nyumbani kunaungua.

Sasa mbao ikikauka inasinyaa, hasa kwa upana wake, ila freti ni chuma na chuma hakina habari na ukame, kwa hiyo shingo inapungua kidogo sana, unene wa unywele hivi, halafu ncha za freti zinabaki zinachungulia pembeni. Jumapili moja pambio limekolea, nikaserereka toka chini kwenda juu kwa mbwembwe, kiganja kikapita pale pembeni kama kimepita kwenye meno ya msumeno. Damu tone moja tu, lakini joho ni jeupe. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaninong'oneza, we mtoto umetoka kuchinja? Nkamjibu, hapana mama, ni gitaa limenitoa damu.

Hilo jibu likumbukeni, lilikuja kutumika.

Basi nkaamua kulitunza kwa hela yangu mwenyewe, maana ukipeleka ombi la fedha kwa kamati ya kwaya utajibiwa wakati wajukuu wako wanaimba. Nkamwagiza jamaa aliyekuwa anakwenda Nairobi aniletee kipimo cha unyevu, kile kidogo cha mviringo chenye mshale. Gitaa linataka hewa yenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55 hivi, mi nilivyokiweka mle stoo mchana kikasoma 25, nkadhani kibovu. Nkaenda soko la Kilombero nkachukua dodoki na kile kisahani cha sabuni chenye mfuniko, nkakitoboa matundu kwa msumari wa moto, dodoki nikililowesha nalikamua mpaka halidondoshi hata tone, nalifungia mle kwenye kisahani, kisahani ndani ya begi la gitaa karibu na kichwa, zipu nafunga. Yaani unyevu unatoka polepole wenyewe. Nkaongeza kichupa cha mafuta ya ubao wa freti, yananukia limau, unapaka kiduchu kwenye kitambaa unafuta unakausha, basi, si kukaanga. (Na hii ni kwa ubao mweusi mweusi ule usio na vanishi, ukiwa na besi ya ubao mweupe uliopigwa vanishi achana nayo, kitambaa kikavu kinatosha.) Na ile spana ndogo ya L ya kukaza chuma kilichozikwa ndani ya shingo. Na kikaratasi, nilichoandika kwa peni nyekundu 45–55 nisisahau.

Vyote hivyo vikakaa kwenye begi kwa amani mpaka chalii wetu wa dramu alipoingia kutafuta vijiti vyake, akafungua begi lisilo lake.

Usiku ule kwenye grupu la WhatsApp la kwaya ikaingia meseji ya katibu: "Bwana Yesu asifiwe. Kuna vitu vimeonekana ndani ya gitaa. Tuendelee kuomba. Kikao Jumanne." Chini amina zikashuka kama mvua, na mi nkaandika amina, maana sikujua anasema gitaa lipi! Nilifikiri la solo.

Jumanne naingia, shikamooni, naitikiwa na watu wawili. Mezani kitambaa cheupe, juu yake wamepanga vitu vyangu mmoja mmoja, na nilikuja kuambiwa vilitolewa kwa koleo la mkaa, hakuna aliyekubali kuvishika. Mzee wa kanisa kakaa kati, mama mwenyekiti kulia, katibu anaandika kabla hata mtu hajaongea.

"Mwanangu, hii nini?"
"Dodoki, mama."
"Dodoki la kuogea nani?"
"La gitaa."

Katibu akaandika.

"Na kwa nini limefungiwa kwenye chombo kilichochomwa matundu kwa moto?"
"Ili gitaa lipumue, mzee."

Nkasikia benchi la nyuma mtu anakemea kwa sauti ndogo. Na ukisema ukweli mahali ambapo watu wameshaamua, ukweli wenyewe ndo unakuzamisha, kila nilichojibu kilikuwa sahihi na kila nilichojibu kilizidi kunipeleka pabaya. Mafuta? Ya kulipaka gitaa. Ameyaombea nani? Hakuna, mama, yamenunuliwa dukani. Dukani! Karatasi nyekundu? Ni kiasi linachotaka. Gitaa linataka? Ndio, likipungukiwa ndo linakata mkono. Hapo yule mama wa sauti ya kwanza akasimama, akasema kwa uchungu kabisa, mi nilimwona na damu, na alikiri kwa mdomo wake kwamba ni gitaa ndo lilimtoa.

Katibu akafungua ukurasa mpya.

Ikabaki ile saa. Wao waliita saa. Mzee wa kanisa akavaa miwani, akaisogelea bila kuigusa, akasema, hii saa ina mshale mmoja, na namba zake zinakwenda mpaka 100, sasa hii inahesabu masaa ya wapi? Nkafungua mdomo nieleze, mama mwenyekiti akanizuia kwa mkono, akasema hiki ndo chenyewe. Akainama mpaka pua inakaribia kioo, akaanza kukemea. Na mama yetu akikemea anakemea kutoka tumboni, zile herufi za H zinakuja na mvuke, halafu hana haraka.

Mshale ukatikisika. Ukapanda. Toka 25 ukaenda 30, ukaenda 35, yeye anazidi na wenyewe unazidi, unakaribia 45. Yeuwii! Benchi la mbele lilihamia la nyuma kwa mpigo, katibu kalamu ilimwanguka, chalii wa dramu alishafika getini, na mi nimekaa pale nalia kwa kicheko nilichokibana, wao wakaona machozi wakajua naachiliwa.

Aliyeniokoa ni babu mmoja wa sauti ya nne, seremala mstaafu, muda wote kasinzia kwenye kona. Zile kelele zikamwamsha, akauliza kuna nini, akaonyeshwa, akachukua kile kipimo kwa mkono mtupu (watu wakashika vichwa), akakigeuza nyuma, akakipulizia hewa ya mdomo taratibu haaaa, akasubiri, mshale ukapanda. Akasema, hiki kinapima unyevu wa hewa, pumzi ya mtu ina maji, hata ya mchungaji. Akauliza, milango ya hapa kanisani masika si huwa inagoma kufunga? Inagoma. Na sasa hivi? Inacheza. Basi na gitaa ni mbao. Akarudi kusinzia.

Kimya. Mama mwenyekiti akakaa chini akajipepea na kitabu cha nyimbo.

Nkauliza gitaa lenyewe liko wapi, nisije nkawa nimeshinda kesi mteja kafa. Wakatazamana. Kumbe toka siku ile ya meseji walilitoa kwenye begi wakaliegemeza dirishani kwenye jua la mchana ili "litakasike". Nilipolishika nusura nilie kweli sasa. Shingo imekauka mpaka imepinda kwa nyuma, nyuzi zimelala juu ya freti, ukigusa uzi wa E unatoa krrrrr mtupu. Watu wanasahau kwamba nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, kinachoshindana nazo ni mbao na kile chuma cha ndani, mbao ikibadilika wewe unalegeza au unakaza chuma ndo mambo yanakaa sawa. Nkachukua spana yangu pale pale juu ya kitambaa cheupe, nkalegeza robo mzunguko, nkatyuni, nkapiga, bado, nkaacha lipumzike na dodoki lake mpaka kesho yake nkaongeza robo tena. Ukikata mizunguko mizima kwa hasira unaweza kuvunja kile chuma na shingo ndo basi. Freti zilizochungulia sikuzigusa na tupa mpaka mbao ilipotulia, maana ukizisugua mbao ikiwa imesinyaa, ikirudi kujaa unakuta umekula chuma bure.

Na kamati nayo, nisiwaseme vibaya, waliona wamenikosea wakataka kunifidia. Mzee wa kanisa akasimama akasema kuanzia leo matunzo ya gitaa si mzigo wa kijana peke yake, ni ya kanisa zima. Makofi. Katibu akasoma muhtasari: kikao kimepokea maelezo, kimeridhia dodoki, na kimeagiza mtunza stoo alimwagilie gitaa kila Jumatano na Jumamosi.

Nkanyoosha mkono, nkasema samahani, si kumwagilia, ni kuweka unyevu, dodoki linakamuliwa kabisa. Katibu akasema imeshaandikwa, marekebisho ni kikao kijacho.

Jumamosi nkawahi mazoezini kuliko siku zote. Nkamkuta baba mtunza stoo keshafungua begi lote, mkononi ana keni ile ya kumwagilia maua ya kanisani, imejaa, ananisubiri kwa heshima kabisa.

"Afadhali umekuja mwanangu," akasema. "Nianzie kichwani au miguuni?"